Uhuru wa Mikono, Kifungo cha Kinywa

Mume wangu nami tuna binti wa miaka 3, na kwa majuma kadhaa sasa tumekuwa tukishauriana iwapo tumpeleke katika chekechea ya Montessori hapa Nairobi. Karo si haba kwa mwanafunzi wa uzamili, lakini hilo silo linalonikosesha usingizi.

Tulipoizuru shule moja tulivutiwa mno. Watoto wa miaka 3 hadi 6 walichanganyika katika chumba kimoja. Huyu akimimina maji kutoka jagi hadi kikombe, yule akihangaika na vifungo vya shati, wala hapakuwa na kengele ya kuwakatiza. Kisha mtoto mmoja akamwita mwenzake: "Njoo uone!" Mwalimu, kwa upole mwingi, akamwagiza aseme upya kwa Kiingereza. Mtoto akanyamaza.

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Daktari Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa maskini (jambo ambalo huenda likawashangaza wanaolipa karo zetu za leo). Watoto hao walipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa huku wakitamka sauti zake, kisha wakapanga herufi moja moja kuunda maneno waliyokwisha kuyajua kwa sikio. Waliandika kabla ya kusoma. Aghalabu tunasahau kwamba hayo yalitendeka kwa Kiitaliano, lugha iliyowazunguka, ambayo maandishi yake huyafuata matamshi kwa karibu.

Je, Kiswahili hakifai kazi hiyo? Kina vokali 5, kila moja na sauti yake. Binti yangu akishazijua a, m na k pekee, ataunda mama, kaka, kama na makaa bila kuhadaiwa na herufi yoyote. Ni kweli kwamba ng' na dh zitahitaji vibao vyake vya pekee. Hilo nawaachia wanaisimu. Katika Kiingereza, herufi hiyo hiyo hubadili sauti kutoka neno hadi neno.

Sikipingi Kiingereza, atakijua tu. Ninachokipinga ni kuwa huru mikono na kufungwa kinywa. Aidha, lawama nyingine ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976 ipendekeze lugha ya eneo la shule itumiwe katika madarasa ya chini, tumeandika juu ya sera ya lugha hadi wino ukatukaukia. Herufi za msasa za Kiswahili tumezikata ngapi?

Jana nilinunua karatasi ya msasa dukani wanakouza misumari na rangi. Tutaanza na m. Jumatatu tutarudi kwa mwalimu mkuu na swali moja tu: binti yetu akimwita mwenzake kwa Kiswahili humo darasani, ataambiwa nini? Mume wangu anasema tusiulize kwa ukali. Nitajaribu.