Kulia, kushoto, kulia: mtoto wa darasa la kwanza anaelewa nini?

Tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami, safari ya kutoka Mpui kwenda mjini imekuwa fupi. Hilo hakuna anayelilalamikia. Lakini lami hiyo hiyo imeleta mwendo kasi, na wanaokutana nao kwa miguu, asubuhi na jioni, ni pamoja na watoto wa darasa la kwanza na la pili.

Suala hili likizungumzwa, jibu letu la kwanza ni lile lile: watoto wafundishwe. "Angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena, kisha vuka." Si jibu baya. Ila lilishapimwa zamani, na kilichoonekana ni vizuri msikilizaji wa Ufipa akakijua.

Mmoja wa waliolipima mapema ni Stina Sandels, mtafiti wa saikolojia ya watoto wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1908 na kufariki 1990. Miaka ya 1960 nchi yake ilikuwa inajaa magari. Tena Septemba 3, 1967 ikahamisha magari yote, kwa siku moja, kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia. Hebu fikiria kazi ya kumfundisha mtoto upya!

Sandels alichunguza, pamoja na mengine, maneno. Aliwauliza watoto wadogo maana ya maneno na alama zinazotumika kufundishia usalama barabarani, akakuta mengi hawayaelewi, au wanayapa maana yao wenyewe. Aliona pia kwamba mtoto mdogo anapata shida kujua sauti ya gari inatoka upande gani, na akinogewa na mchezo, kanuni aliyoikariri inamtoka. Katika kitabu chake cha mwaka 1968 alisema wazi: huwezi kumbadilisha mtoto mdogo akaiweza barabara yenye magari. Barabara ndiyo ibadilishwe.

Sasa tulete hilo hapa kwetu. "Kulia" kwa mtoto wa miaka sita ni nini? Ni kutoa machozi, ni mkono wa kulia ugali, ni upande. Na wapo wanaoanza shule wakiwa wamezoea Kifipa nyumbani, Kiswahili wanakijenga pale pale darasani. Hata akilijua neno, akigeuka na upande umegeuka naye. Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtoto akitumia sekunde tatu kutafuta kulia ni wapi, gari limeshakula mita 66.

Kwa maoni yangu, mzazi wa Mpui angemshika mtoto mkono, akasimama naye pale pale anapovukia, akamwambia: tazama upande wa Laela, tazama upande wa Sumbawanga. Laela haihami mtoto akigeuka.

Hilo ni la mzazi. La barabara lina ushahidi hapa hapa nchini. Dar es Salaam, shirika la Amend liliziendea shule zenye watoto wengi wanaojeruhiwa, likaweka matuta, vivuko, alama na njia za waenda kwa miguu, likafundisha na wanafunzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha shule tisa zilizofanyiwa hivyo na tisa nyingine: majeruhi walipungua kwa asilimia 26. Nchi nyingi zilizokutana Stockholm Februari 2020 zilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa pale watu na magari wanapochanganyika. Sheria yetu kwenye makazi inasema 50, na hata hiyo mnaona wenyewe inavyoheshimiwa.

Kijiji hakiruhusiwi kujijengea tuta kwenye barabara kuu, kwa sababu iko chini ya TANROADS. Na yale magogo yanayowekwa kwa hasira baada ya msiba, usiku yanaweza kumuua mtu wa bodaboda. Ombi lianzie mkutano wa kijiji, lipite kwa mtendaji na diwani, lifike TANROADS mkoa likiwa na hesabu: watoto wangapi wanavuka, saa ngapi, sehemu ipi. Kamati ya shule inaweza kuipata hesabu hiyo kwa asubuhi tatu, kwa daftari na kalamu.