Rubani Aone, Mwongozaji Aamue

Anayedhani kwamba kila ndege iliyo angani huonekana kwenye rada na akumbuke bahari. Rada ya nchi kavu hufika maili 200 na ushei tu. Kupita hapo, mwongozaji wa ndege aliishi kwa taarifa za rubani mwenyewe. Ndiyo maana ndege zilizofuatana juu ya bahari kuu kwa kimo kimoja zilitenganishwa, kwa miaka mingi, kwa dakika 10, yaani maili 80 hivi. Gharama yake si haba. Ndege iliyokwisha kuteketeza sehemu ya mafuta yake huwa nyepesi, na yafaa ipande kwenye hewa nyembamba ili itumie kidogo zaidi. Lakini hunyimwa ruhusa kwa kuwa kimo kilicho katikati kimekaliwa.

Kioo cha rubani kimelegeza fundo hilo. Ndege hutangaza mahali ilipo takriban kila sekunde, na jirani yake huipokea habari hiyo na kuiona mbele yake. Mwaka 2011 shirika la United Airlines lilianza kuujaribu utaratibu huu kwa ndege za Boeing 747 katika Pasifiki. Rubani akiona kwamba mwenziwe yu umbali wa maili 15 za baharini, na kwamba hawakaribiani kwa zaidi ya maili 20 kwa saa, aweza kuomba kukipenya kimo cha mwenziwe. Hujiamulii, mwongozaji ndiye aidhinishaye, na ibaki hivyo.

Wapo wasemao kwamba kioo hiki ni ziada, maadamu tangu 2019 setilaiti huwaletea waongozaji wa Atlantiki ya Kaskazini ishara zizo hizo. Sikubaliani nao. Bahari si Atlantiki peke yake.

Kinachonishughulisha, kwa taaluma yangu, ni ombi lenyewe. Ndani yake hutajwa ndege ya pili kwa jina lake la safari. Rubani wa ndege hiyo akilisikia jina lake katika redio yenye mikwaruzo, aweza kudhani ni yeye aliyeambiwa apande. Huko Tenerife, mwaka 1977, rubani alitamka maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba yu tayari kuruka au kwamba ameshaanza kukimbia. Utata huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaua watu 583. (Wanafunzi wanaouliza semantiki ina faida gani na wasome mkasa huo.)

Basi ombi la namna hii litumwe kwa maandishi, kwani mitambo ya kufanya hivyo ipo. Palipo na redio tupu, ndege ya pili itajwe herufi kwa herufi, si kwa namna iitwavyo inaposemeshwa.