Mita Kwanza, Mchango wa Harusi Baadaye

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu na dada zangu, wazazi wa wanafunzi wetu hapa Birmingham, pamoja na wasomaji wetu mlioko Buyenzi, Kigali, Uvira na kwingineko.

Wiki hii sina somo la twahara wala la tajwidi. Nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na akina baba, nikiwemo mimi mwenyewe. Atakayekasirika na akasirike, lakini asome mpaka mwisho.

Kwenye baridi ya Januari mtoto mmoja wa darasa langu la Juzuu Amma alikaa na koti lake tangu mwanzo wa somo mpaka mwisho. Sisemi ni wa nani, wala msijaribu kukisia. Nilimwambia avue kwani hita inafanya kazi. Akavua, akaliweka mapajani. Tulipomaliza, wenzake wakakimbilia viatu kama kawaida yao, yeye akabaki anakunja mikeka, mkeka mmoja anaukunja na kuukunjua. Nikamuuliza, vipi mwanangu? Akasema, "Maalim, naweza kukaa hapa mpaka Isha? Hapa kuna joto." Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Gesi nyumbani kwao ilikuwa imekwisha tangu Jumamosi.

Sasa sikilizeni. Jumamosi hiyo hiyo baba yake alikuwa kwenye kikao chetu cha mchango wa harusi ya Bujumbura. Alitoa pauni 150. Jina lake likasomwa kwa sauti, watu wakaitikia takbir. Nayajua haya yote kwa sababu aliyeshika karatasi na kusoma majina NI MIMI.

Hivi kweli ndugu zangu, takbir ile ilikuwa ya nini?

Wote tumesoma, angalau kidogo. Katika fiqhi yetu ya Kishafii matumizi ya mtu yana mpangilio: unaanza na nafsi yako, kisha mkeo, kisha watoto wako wadogo, kisha wazazi wako wakiwa wahitaji. Mtoto wa binamu anayetaka ukumbi na mpiga video simwoni kwenye orodha hiyo. Tena nafaqa ya mke ina jambo ambalo akina baba wengi hawapendi likumbushwe: usipoitoa haipotei, inabaki DENI shingoni mwako, na anaweza kukudai. Chakula, mavazi, makazi. Na nani ataniambia kwamba makazi katika nchi hii, mwezi wa Januari, ni kuta na paa tu bila joto?

Hata Hija, ambayo ni nguzo, hailazimiki mpaka uwe umewaachia watu wako matumizi ya kuwatosha hadi urudi. Sasa harusi ya watu imekuwa na daraja kubwa kuliko Hija?

Nitaeleza kidogo habari ya mita kwa ndugu zetu walioko nyumbani, na pia kwa waliofika hapa majuzi, kwani wengi inawatesa bila kuijua. Nyumba nyingi tunazopanga zina mita za kulipia kabla. Umeme una ufunguo wake, gesi ina kadi yake, unavipeleka dukani kujaza pesa. Zile mpya unajazia kwenye simu. Mtu anaona ni kama Cash Power tuliyoizoea kwetu. Siyo! Cash Power ikikata imekata, unalala gizani lakini hudaiwi. Mita ya hapa inakupa kwanza salio la dharura, yaani inakukopesha, na kila siku inahesabu ada yake, uwashe usiwashe. Miezi ya kiangazi hukugusa hita hata mara moja, unajisifu kuwa umebana matumizi, kumbe ada ya gesi inajikusanya kimya kimya. Oktoba unaingia dukani na pauni 10 zako, unarudi, unaichomeka kadi, mita inazimeza zote na nyumba ni baridi vilevile. Watu husema mita imeharibika. Haijaharibika, imejilipa. Kwa hiyo weka chochote kila wiki, hata Julai jua likiwaka, na salio la dharura ulichukulie kuwa ni deni.

Tuje kwenye pesa ya watoto. Katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata. Mwenye watoto watatu ni pauni 60.55 kwa wiki. Mchango ule wa pauni 150 ni karibu wiki mbili na nusu za watoto watatu. Pesa hiyo hukupewa kwa uzuri wa ndevu zako. Umepewa kwa sababu wao wapo, na mimi naihesabu kuwa ni amana yao. Mwenye kula amana anajulikana katika dini anaitwaje, sina haja ya kutaja.

Nilisema nami nimo. Mwaka 2015 nilikosa kulipa miezi miwili ya kodi ya baraza la mji. Barua ya kwanza ilipokuja niliiweka juu ya friji. Ya pili nikaiweka juu ya ile ya kwanza. Nilijiambia nitalipa mwezi ujao, na mwezi ujao kukawa na harusi ya mpwa wangu, nikapeleka pauni 200 na nikapigiwa simu ya shukurani na watu saba. Ambao hamjui, kodi hii kwa kawaida inagawanywa kwa miezi kumi, na ukitaka unaweza kuomba iwe kumi na miwili. Ukiikosa unakumbushwa, ukipuuza unapoteza haki ya kulipa kidogo kidogo na unadaiwa ya mwaka mzima kwa mara moja, kisha mahakama na gharama zake, kisha madalali. Kwa kanuni za 2014, deni likikabidhiwa tu kwa dalali iliongezeka pauni 75, na akifika mlangoni pauni 235 nyingine. Jumla 310, na deni lenyewe bado halijaguswa hata senti.

Barua ile ya mahakama aliyenifasiria ni binti yangu, wakati huo ana miaka kumi, kwani Kiingereza changu kilikuwa cha kununulia mkate tu. Alisoma mezani, akafika kwenye neno asilolijua, akaenda kulitafuta kwenye kamusi ya shule. Alirudi akanitazama, hakulifasiri.

Mpaka leo mtoto huyu, sasa mtu mzima, akiona bahasha ya kahawia anaifungua kabla yangu. Hilo ndilo fundisho la fedha nililompa.

Wengine wanafanya lililo baya zaidi. Wanakopa ili wachangie! Mtu anachukua mkopo wa haraka wa kwenye simu, wenye riba ya wazi kabisa, anapeleka mchango kwenye nikaha ambayo ni Sunna. Nchi hii yenyewe iliona mikopo hiyo inawaangamiza watu, ikaweka kikomo tangu Januari 2015: riba na ada zote zisizidi kiasi ulichokopeshwa. Maana yake ukikopa 200 sheria bado inaruhusu udaiwe mpaka 400. Hicho ndicho kikomo cha HURUMA! Na kuna makochi na televisheni za "chukua leo, lipa baadaye", ambazo ukichelewa zinakugeukia. Nyumba zetu zimejaa makochi ambayo bado hayajawa yetu.

Wakati huo huo yaliyo halali hatuyagusi. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi anaweza kuomba serikalini mkopo USIO NA RIBA wa kumsaidia amana ya nyumba, vifaa vya lazima au mafunzo ya kazi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba baraza limpunguzie kodi, na tangu Aprili 2013 kila baraza lina utaratibu wake. Anayeishi akiwa mtu mzima peke yake anapunguziwa robo. Aliyezama kwenye madeni hapa England au Wales anaweza, kupitia mshauri wa madeni, kupata siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumwongezea riba na ada wala kumfuatilia; utaratibu huu upo tangu Mei 2021. Nani kati yetu aliuomba? Tunaona aibu kumwonyesha karatasi mshauri, lakini hatuoni aibu mbele ya mtoto wa miaka kumi. (Tahadhari: mwenye viza iliyoandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma asiombe chochote kabla ya kupata ushauri wa mtu anayejua, asije akaharibu makaratasi yake.)

Najua nitakachojibiwa. Maalim amekuja Ulaya amekuwa mchoyo, anakata udugu. La hasha! Mama yako ana dawa za presha, mpelekee. Baba yako hana kipato, ni wajibu wako. Yatima, mgonjwa, mtoto wa dada aliyekosa ada ya shule, wote hao tutahangaika nao, na kama ni lazima tule wali mkavu tutaula. Lakini tusichanganye dawa za mama na sare za wasindikizaji wa bibi harusi. Na mwenye madeni yaliyomshinda, ndugu zangu, ni katika watu wanane wanaostahili KUPEWA zaka. Tunao watu katika vikao vyetu wanaostahili kupokea, na sisi tunawasoma majina yao kuwa watoaji.

Nanyi mlioko nyumbani hamna kosa kubwa, kosa ni letu. Sisi ndio tuliowatumia picha tukiwa tumeegemea magari ya majirani. Pauni 150 ikifika Bujumbura inakuwa furushi la faranga, mnafikiri aliyelitoa ana ghala. Hatukuwaambia kwamba ni saa ngapi za kusafisha ofisi usiku, na kwamba kutuma kwenyewe kunakatwa. Afrika kusini mwa Sahara ni katika sehemu ghali zaidi kutumiwa pesa duniani, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni gharama iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tunaotuma kidogo kidogo kila wiki kwa kuogopa kelele ndio tunaokatwa zaidi.

Mimi baada ya msiba wangu wa madalali nilimpigia kaka yangu mkubwa pale Buyenzi, nikamsomea hesabu ya mwezi mmoja kama mtu anayesoma khutba. Kodi ya nyumba, gesi, umeme, maji, basi, kodi ya baraza ambayo ndani yake mna kuzolewa taka. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe huko mnalipia hata taka?" Tukacheka sana. Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Sasa mdogo wangu, miaka yote hii mbona hukusema?" Tangu siku ile akiniita kwa simu ananiuliza kwanza kama watoto wamekula. Anaomba bado, ndugu ni ndugu, lakini anaomba kwa kipimo na nikisema sina anaamini.

Akina mama siwasemi sana kwa sababu wao wametutangulia. Wana upatu wao, wanawake kumi, pauni 20 kwa wiki, kila wiki mmoja anapokea 200, hakuna riba wala makaratasi. Wanaume tulikuwa tukicheka tunasema ni mchezo wa jikoni. Septemba mchezo huo ndio uliowanunulia watoto wetu sare za shule huku sisi tumekaa kwenye kikao tunagawana vyeo vya kamati.

Basi nimeamua yafuatayo, na nimekwisha kuwaambia wazee. Kuanzia kikao kijacho sitasoma jina la mtu wala kiasi alichotoa. Atakayeniletea mchango nitamuuliza pembeni maswali mawili: kodi ya nyumba imelipwa? Mita ina salio? Akisema hapana, pesa yake nitamrudishia mkononi na nitamwandikia kuwa amehudhuria, na nia yake Allah anaijua. Mzee mmoja amesema watatafuta katibu mwingine. Na watafute.

Ijumaa baada ya Isha nitakuwa chumba cha nyuma cha msikiti pamoja na dada mmoja wa jamii yetu aliyesomea mambo ya ushauri wa madeni. Leteni bahasha zenu, hata ambazo hazijafunguliwa, hata za mwaka jana. Hatutauliza mlizificha wapi. Watoto waacheni nyumbani siku hiyo, tutasoma wenyewe.

Na yule baba, kama anasoma hapa: pauni zako 150 hazijasafiri. Ninazo. Njoo uzichukue kabla ya Jumamosi.

Wabillahi tawfiq.

Maalim wenu