UNYEVU ULIOFICHWA CHINI YA GUNIA



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa vinavyoonekana na visivyoonekana. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, hapa Makote hakuna asiyeujua ubwiriunga. Mikorosho inapochanua, maua hufunikwa na unga mweupe, nasi hukimbilia salfa kuyaokoa. Unga ule ni kuvu, kiumbe mdogo asiyeonekana kwa macho mpaka awe amezaana sana. Si viumbe wote wa namna hii walio maadui. Wapo bakteria wanaokaa katika vinundu vya mizizi ya mbaazi na kunde, wakairutubisha ardhi. Wapo wanaogandisha maziwa yakawa mtindi. Hata hamira inayoumua maandazi yetu ni jamaa ya kuvu.

Lakini yupo kuvu mwingine anayeota katika mahindi na karanga zilizowekwa na unyevu, akatoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Huharibu ini. Mwaka 2004 huko Ukambani, Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 msiba kama huo ulizifika Dodoma na Manyara, hapa hapa nchini kwetu.

Mwaka jana tuliletewa gunia la karanga kwa ajili ya uji wa wanafunzi. Juu zilikuwa safi; chini zimeota ukungu wa kijani. Tukazifukia. Baadhi walinung'unika kuwa tumefanya israfu. Heri tungewapa kuku, au tungezikaanga tukauza.

Sisi tunasema hapana. Kuku akila, sumu humdhuru naye. Na anayenunua karanga za kukaanga ni mtoto wa mwenzetu. Israfu ilifanyika siku zilipoachwa zinyeshewe, si siku zilipofukiwa.

Tukumbuke kisa kilichopokewa na Imam Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Mvua haikuwa kosa la mtu yule. Kosa lake ni kuuficha unyevu.

Tunajua gunia moja ni ada ya mtoto na mafuta ya taa ya nyumba nzima, na kulitupa kunauma. Ndiyo maana dawa ni kutangulia. Tuanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Tukaushe mpaka punje ing'atwapo ivunjike kwa mlio. Magunia tuyapange juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizovunjika au kuoza tuzitenge.

Nanyi wanafunzi, mnapotumwa kuchambua karanga nyumbani, msiifanye kazi hiyo kwa kulipua. Ile ni amana, na katika amana hiyo yamo maisha ya watu.

Wabillahi tawfiq.