Mnamcheka Jamaa wa Pikipiki ya Umeme Galula, Aliyemuuzia Maneno Mnampigia Makofi

Huko Galula, wilaya ya Songwe, kuna jamaa kabatizwa jina jipya: Chaji. Akipita kijiweni tu, madogo wanapaza sauti, "Chaji, zimebaki ngapi?" Halafu kicheko. Bodaboda wenzake ndio vinara wa kucheka. Kosa lake ni nini? Aliuza mpunga wa msimu mzima akanunua pikipiki ya umeme, mpya kabisa, siti bado ina nailoni.

Haya, mkimaliza kucheka someni hii.

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyecheka. Ilikuwa sinema. Hakuna kupiga kiki, hakuna klachi, hakuna gia. Ukizungusha mkono inaondoka hapo hapo. Siku ya kwanza nusura imwingize mtaroni, kwa sababu alizoea pikipiki inayonguruma kwanza ndipo iende. Ilikuwa kimya mpaka mbuzi hawashtuki, ikabidi apige honi kila kona kama bwana harusi. Kina mama ndio waliipenda zaidi. Mama gani wa kijijini hana kovu la bomba la moshi mguuni? Hii haina bomba. Unapanda na kitenge chako, unashuka nacho kizima, hunuki petroli. Wateja walianza kumchagua yeye wakawaacha wengine wamekaa chini ya mwembe.

Hapo ndipo chuki ilipoanza, tuseme ukweli.

Sasa ikaja ile siku. Mama mmoja ana mtoto anachemka homa, anataka kuwahishwa Mkwajuni. Jamaa anaangalia kwenye dashibodi, chaji ipo zaidi ya nusu. Muuzaji kamwambia betri ikijaa anakwenda kilomita 80, kwa hiyo nusu inatosha na kubaki. Wakapanda: yeye, mama, mtoto, na bibi wa mtoto nyuma. Mshikaki, kama kawaida ya bonde zima. Barabara ya vumbi, mchanga kwenye mabonde, jua la Rukwa linachoma hadi kifuniko cha betri. Njiani alama za chaji zikaanza kushuka kama mtu anayeteleza. Mbili. Moja. Kimya. Na safari hii kimya chenyewe hakikuwa cha sifa.

Mama alishuka akatembea na mtoto mgongoni mpaka alipopata pikipiki ya petroli. Mtoto alitibiwa, akapona, Mungu mkubwa. Jamaa alivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, mchana kweupe, kijiji kizima kinaona. Jina la Chaji lilizaliwa siku hiyo.

Swali ni dogo tu. Nani alisema kilomita 80?

Alisema staa mmoja wa Bongo mwenye wafuasi kibao. Video mnaikumbuka: lami imenyooka kama rula, upepo wa bahari, miwani nyeusi, yuko peke yake, hana hata begi mgongoni. "Kilomita 80 kwa chaji moja, wanangu!" Mioyo ikamiminika huko chini. Halafu kila mtu anajua staa mwenyewe anatembelea gari gani, na lile gari halichajiwi ukutani.

Akasema na muuzaji wa dukani, aliyekariri maneno yale yale. Hakumwambia kwamba hiyo 80 ni ya mtu mmoja, barabara tambarare, mwendo wa pole. Ukiongeza abiria wawili na mchanga, betri inakula mara dufu. Hakumwambia asichaji betri ikiwa bado ya moto kutoka juani, maana joto ndilo linaloua betri. Jamaa alikuwa akirudi saa saba mchana anachomeka hapo hapo, chini ya bati. Nani alimfundisha?

Na hakumwambia habari ya LUKU. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba karibu unit 3. Ukichaji kila siku, mwezi mzima ni unit 90 na zaidi, bado hujawasha taa wala redio. Sasa nyumba nyingi za kijijini ziko D1, ambako unit ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ilimradi usivuke unit 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila unit inayozidi ni 350. Jamaa alishangaa elfu tano yake ya umeme inayeyuka, akadhani kaibiwa. Hakuibiwa. Hakuambiwa.

Lakini subirini, nyie mnaocheka. Hata kwa hiyo bei ya juu, kujaza betri nzima haifiki shilingi 1,500. Lita ya petroli inacheza kwenye elfu tatu, ikishaingia kwenye chupa ya maji pale kijiweni inapanda tena. Yaani Chaji anajaza betri kwa bei ya nusu lita yenu. Hana oili ya kubadilisha, hana plagi. Kwa safari fupi za kijijini anawapita mbali, na ninyi mnajua, ndiyo maana mnacheka kwa nguvu.

Wengine wanasema vitu hivi ni vya Ulaya, Afrika havifai. Uongo. Pale Kigali kampuni ya Ampersand ina vituo ambavyo dereva anaingia na betri tupu, anatoka na iliyojaa ndani ya dakika chache. Betri ni ya kampuni, ikizeeka si msiba wa dereva. Na tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali lazima iwe ya umeme. Umeme tunao: bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Kinachokosekana si teknolojia wala akili ya mtu wa Galula.

Kinachokosekana ni mtu wa kumheshimu mnunuzi wa kijijini. Wanamuuzia chombo, halafu wanamwacha. Fundi wa pale anafungua kabureta akiwa amefumba macho, ila kwenye kontrola anatazama tu kama anaangalia luninga. Betri ya akiba hakuna. Kituo cha kubadilishia hakuna. Namba ya muuzaji inaita, haipokelewi.

Kama kweli mnataka biashara ya vijijini, andikeni kwenye tangazo: kilomita ngapi ukiwa na abiria wawili, kwenye vumbi, kwenye joto. Mfundisheni hata fundi mmoja kila tarafa. Na wewe staa, ukilipwa kutangaza, njoo Galula uendeshe ukiwa na gunia la mpunga nyuma. Betri ikiisha, usukume mwenyewe. Tutaipenda hiyo video.

Chaji bado anaiendesha. Sasa anapiga safari za ndani ya kata tu, anachaji usiku betri ikishapoa, na kwenye tenki ameandika kwa rangi nyekundu: MWISHO ABIRIA MMOJA. Hayo yote amejifundisha mwenyewe, kwa gharama ya aibu yake.

Haya wadau, nani wa kuchekwa hapa?