Cheo Kipya, Moyo Mzito

Ukurasa huu umezoea kuwaeleza habari za malaria, za maji ya kunywa na za lishe ya watoto wadogo. Mwezi huu tunataka tuzungumzie barua. Ni ile inayotoka kwa Afisa Utumishi na kupitia masjala, yenye kichwa cha habari kinachojulikana na kila mfanyakazi: kupandishwa cheo. Huenda mtu atauliza barua ya namna hiyo ina uhusiano gani na afya. Sisi tunaona unao, tena mkubwa, na katika familia zetu nyingi haufikiriwi kabisa.

Barua hiyo ikifika ofisini huwagusa watu wawili, wala si mmoja. Yuko aliyeandikiwa, na yuko yule wa meza ya pili aliyedhani kwamba angeandikiwa yeye. Wa kwanza tunampongeza na kumchinjia kuku. Wa pili tunamwambia, "Ndiyo dunia, zamu yako itafika," basi, tumemaliza. Jioni wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na mambo moyoni ambayo hawana pa kuyasemea.

Tuanze na aliyekosa. Tuseme ni karani aliyekaa miaka 11 katika idara moja, na ndiye aliyemfundisha kazi huyo mwenzake. Asubuhi anampa mkono, anacheka pamoja na wengine, anachanga fedha ya soda. Ni kweli anamfurahia, kwa kuwa ni rafiki yake. Ni kweli pia kwamba ameumia. Mambo haya mawili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja, na huo si unafiki. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu wengi huona haya wakigundua kuwa wanamwonea rafiki yao wivu, wakadhani tabia yao imeharibika. Wivu unaopita moyoni ni hisia tu, kama njaa. Kinachodhuru ni kuufuga: kumchimba mwenzako, kumfichia jalada, kumtafutia sababu kwa wakubwa. Na anayeufuga hudhurika kabla ya yule anayeonewa.

Mtu akiona ametendewa asivyostahili, mwili wake hufanya kama aliyekutana na nyoka njiani. Tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotizoli, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda. Nyoka akienda zake, mwili hutulia. Lakini huyo karani hukutana na "nyoka" wake kila asubuhi anapofika kazini, siku tano kwa juma. Hali ikidumu kwa miezi, usingizi hukatika, chakula hakina ladha, watoto hugombezwa kwa kosa dogo, na njia ya kwenda nyumbani huanza kupitia baa. (Wengi husema pia kwamba mawazo ya kazini yamewapa vidonda vya tumbo. Hapo tusahihishe kidogo: vidonda hivyo kwa sehemu kubwa huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu zinazomezwa ovyo. Mawazo huzidisha maumivu, lakini anayeumwa tumbo akapimwe, asingoje cheo.)

Jambo hili limechunguzwa kwa makini huko Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 madaktari waliwafuatilia wanaume wapatao 18,000 waliokuwa watumishi wa serikali mjini London, tangu matarishi hadi wakuu wa idara. Wote walikuwa na ajira, wote walikaa ofisini, hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo walio ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko walio juu kabisa, na hali iliongezeka kuwa mbaya ngazi kwa ngazi. Sigara na mafuta mwilini vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Profesa Michael Marmot na kuwahusisha wanaume na wanawake 10,308, ulionyesha kwamba jambo moja zito ni uwezo wa mtu wa kuamua lolote juu ya kazi yake mwenyewe. Anayepangiwa kila kitu asiulizwe neno huugua moyo zaidi.

Kwetu mzigo huo tunaujua kwa jina la kukaimu. Mtu hupewa majukumu yote ya mkuu wa kitengo, hutia sahihi, hulaumiwa mambo yakiharibika, lakini mshahara na cheo vinabaki vile vile. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 hapa Tanzania zinashauri mtumishi asikaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi 6. Sote tunawafahamu waliokaimu miaka mitatu, minne, kisha akaletwa mwingine kutoka nje akae kwenye kiti. Na tunakumbuka mwaka 2016, Serikali iliposimamisha upandishaji wa vyeo ili kuhakiki watumishi hewa. Uhakiki ulikuwa na sababu yake, na vyeti vya kughushi vilipatikana kwa maelfu mwaka 2017. Lakini waliokuwa na vyeti halali nao walingoja, na wako waliofikia kustaafu wakingoja. Kungoja bila kujua mwisho wake ni kazi nzito kuliko kazi yenyewe.

Sasa twende kwa aliyepata. Huyu ndiye tunayemsahau kabisa, kwa kuwa tunaamini furaha haina ugonjwa.

Siku ya kwanza yeye hufurahi kweli. Siku ya pili anaingia chumba cha chai na mazungumzo yanakatika. Wale aliokuwa akiwatania sasa wanamwita "mkuu," tena kwa sauti ambayo hajui kama ni heshima au ni kejeli. Inampasa kumwandikia onyo rafiki aliyechelewa kazini, rafiki yule yule aliyewahi kumkopesha karo ya mtoto. Nyumbani simu hazikomi. Mjomba anahitaji bati, binamu anatafuta kazi, shangazi ana mgonjwa hospitali, na kila mmoja anaamini kwamba mshahara umeongezeka mara tatu, kumbe nyongeza yenyewe baada ya makato haitoshi hata kulipia nauli ya uhamisho wa familia. Maana mara nyingi cheo huja pamoja na uhamisho. Baba anahamia mkoa mwingine, mama anabaki kwa sababu ya shule na kazi yake, na nyumba moja inakuwa mbili.

Tena yuko mwingine ambaye cheo kimemwondoa katika kazi aliyoipenda. Muuguzi hodari akifanywa msimamizi hushinda na makaratasi, na mgonjwa humwona kwa nadra. Anaona huzuni, lakini atamwambia nani? Akisema, ataambiwa hana shukrani.

Kwa mwanamke huongezeka jambo la tatu, nalo ni maneno. Akipanda, hukosi kusikia mtu akisema kwa kunong'ona kwamba "alimpa" mkubwa kitu. Rushwa ya ngono ipo, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaihesabu kuwa kosa la jinai mkubwa akiidai ili atoe ajira au cheo. Kwa sababu hiyo hiyo si halali kumsingizia kila mama aliyepanda kwa jasho lake. Tunawaomba akina mama wenzake, ambao kwa masikitiko hawakosekani katika minong'ono hiyo, walifikirie hili.

Liko na lile ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: woga wa kurogwa. Aliyepandishwa huacha kula na wenzake, hafuti vumbi la kiti chake kabla hajakichunguza, na akipata kizunguzungu au moyo ukimwenda mbio anajua tayari ni nani aliyemtenda. Anakwenda kwa mganga, analipa, anachanjwa, anarudi na jina la mbaya wake. Kumbe kichwa kinachouma nyuma, macho yanayoona giza na moyo unaodunda huenda ni shinikizo la damu, au hofu yenyewe pamoja na kukosa usingizi, na vyote hivyo vina tiba. Hapo anapoteza vitu viwili, matibabu na rafiki aliyetajwa bure.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba cheo ni kibaya, wala kwamba watu wavikatae. Kupanda ni haki ya aliyefanya kazi, na nyongeza hata ikiwa ndogo hununua unga. Tunachopinga ni desturi ya kumruhusu kila mtu hisia moja tu, aliyepata afurahi, aliyekosa avumilie. Mke anapomwuliza mumewe, "Bwana, kitu gani kinakusumbua na cheo umepata?" asitake kujibiwa "hakuna." Mume naye mkewe akirudi kimya siku majina yalipobandikwa, asimwambie "mwachie Mungu" kabla hajamsikiliza mpaka mwisho. Kumwachia Mungu ni kwema, lakini mtu huanza kwa kusema anachokiacha.

Wakuu wa kazi nao wana sehemu yao, na hapa hatuwazungumzii wa Serikali peke yao. Shule zetu, zahanati zetu na ofisi zetu za parokia pia hupandisha watu na kuwaacha wengine. Aliyeomba nafasi asipate aitwe kabla majina hayajabandikwa ukutani, aambiwe ana kwa ana sababu ni nini, na akiongeza nini atafikiriwa. Mazungumzo hayo hayazidi dakika 15. Anayejua sababu huumia kwa majuma. Asiyejua huumia kwa miaka, na huzitunga sababu mwenyewe, zile mbaya kuliko zote.

Kwa wote wawili, wa meza ya kwanza na wa meza ya pili, tunashauri wapite zahanati wakapimwe shinikizo la damu, hasa waliovuka miaka 40. Ugonjwa huu mara nyingi haupigi hodi. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, muone daktari, na ukipewa dawa usiziache kwa kuwa umejisikia vizuri. Na kama usingizi umekukimbia kwa zaidi ya majuma mawili, au umeanza kuona afadhali usiwepo, usingoje kipimo chochote. Mwambie leo mtu wa nyumbani kwako, akusindikize hospitali.