Kimea cha Ulezi Kirudi kwenye Uji wa Mtoto

Mkoa wa Ruvuma hulisha wengi kwa mahindi yake, lakini utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 uliukuta miongoni mwa mikoa ambayo udumavu umezidi wastani wa taifa, yaani asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa. Kwa maoni yangu, sehemu ya jibu imo katika bakuli la uji.

Tumbo la mtoto hupokea takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo nane hushiba kwa mililita 240, nazo zikiwa nyingi ni maji, ameshiba bila kulishwa. Mama akiongeza unga, uji hukaza kama ugali na mtoto huukataa.

Njia ya kutoka hapa inajulikana sana Mbinga, ila imefungiwa kwenye pombe. Ulezi usiokaangwa (uliokaangwa hauoti) huoshwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha huanikwa juani, husuguliwa mizizi itoke na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Uji mzito ukishaiva, uepuliwe, upoe kidogo, utiwe kijiko cha kimea na kukorogwa. Baada ya dakika kumi hivi utalegea wenyewe bila kuongezwa maji, kwa sababu vimeng'enya vya kimea huvunja wanga. Kisha urudishwe motoni uchemke tena, ili vijidudu vife. Watafiti wa Tanzania walikwisha kulieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtama usitumike badala ya ulezi, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu ya sianidi.

Najua wapo wahudumu wanaoona haya kutamka neno kimea mbele ya kina mama wa kliniki, wasije wakadhaniwa wanafundisha kupika pombe. Haya hiyo haina msingi. Uji huu hauchachushwi, na mtoto halewi. Ningekuwa na uwezo, ningewaalika wapika pombe wenyewe waje kufundisha siku ya kupima uzito: hakuna anayekijua kimea kuwashinda.

Tusiupambe ulezi, hata hivyo. Gramu 100 zake zina kalsiamu ya takriban miligramu 340, ambayo mahindi hayaikaribii hata kidogo. Lakini ile rangi nyekundu si damu. Madini ya chuma yaliyomo hufyonzwa kwa shida kwa sababu ya faiteti na tanini. Kuchipusha hupunguza faiteti, na tunda kama papai au chungwa husaidia, ilhali chai au kahawa pamoja na mlo huzuia. Mjamzito mwenye upungufu wa damu asiachishwe vidonge kwa ajili ya uji. Mgonjwa wa kisukari naye akumbuke kwamba ulezi ni wanga.

Kwa walio ufukweni, Liuli na Mbamba Bay, kinachokosekana katika uji wa ulezi kinaanikwa mlangoni: usipa. Wachaguliwe waliokauka vizuri, wasio na mchanga wala ukungu, wasagwe pamoja na mifupa yao, na unga wao utiwe sufuriani siku ya kupika. Usichanganywe na unga wa ulezi na kuhifadhiwa kwa wiki kadhaa, kwa maana mafuta ya samaki huchacha upesi na kuuharibu wote.